Usirudi Tupu: Saa ya Babu

Wiki iliyopita ulimwacha Nerima na kidole kwenye skrini. Kidole bado kipo pale pale, msomaji.

Skrini hiyo ni ya Babu. Babu si mtu. Ni kompyuta kuukuu iliyokaa kwenye kona ya chumba cha ghorofani, juu ya duka la vyuma la akina Nitin, mjini Nakuru. Kibetri chake cha kukumbuka saa kilikufa zamani, kwa hivyo kila ukimwasha hukuuliza kwanza: leo tarehe ngapi, sasa saa ngapi? Asubuhi hiyo ya Jumatano Nerima alimjibu bila hata kufikiri, akaingia ndani kutafuta toleo la kwanza la programu ya Usirudi Tupu.

Hakulikuta. Palibaki mstari mmoja tu, kwenye orodha ambamo Babu huandika mwenyewe kila analofanyiwa: Jumanne, Aprili 15, 2008, 03:41, faili zote zimefutwa.

Na hazikufutwa kitoto. Aliyezifuta alichomeka flashi yenye kiprogramu cha kusugua kila kitu mpaka mzizi.

"Unatafuta nini hapo, Nerima?"

Alikuwa Kosgei, amesimama mlangoni, taulo begani, funguo za chumba mkononi. Kosgei ndiye mwandishi wa programu mwenzake. Ndiye pia aliyekuwa akilala humo chumbani tangu Januari, nyumba yake ya kupanga ilipochomwa na watu waliokuwa majirani zake.

"Jumanne, saa tisa na dakika arobaini na moja usiku," Nerima alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nimelala."

"Na nani?"

"Na blanketi. Kwani kuna nini?"

Kama ulikosa gazeti la wiki jana, ngoja nikufungulie haraka kabla hawa hawajashikana mashati. Lori likipeleka mzigo na kurudi tupu, mwenye lori analia. Nerima na wenzake wakaandika programu: dereva anatuma ujumbe mfupi wa simu kusema yuko wapi na anaelekea wapi, programu inamtafutia mzigo wa kurudi nao. Bure kabisa. Na ni programu huria, yaani maandishi yake yako wazi, anayetaka ayasome, anayetaka ayarekebishe. Malori mia nne ya Bonde la Ufa yanakula kwa hiyo programu.

Ndipo ikaja Orbanet, kampuni ya ghorofa saba Nairobi, ikipeperusha hataza: karatasi inayosema kwamba kuoanisha lori na mzigo kwa ujumbe wa simu ni uvumbuzi wao peke yao, waliouombea Machi 2005. Wanataka Usirudi Tupu ifungwe. Kesi ni Ijumaa hii. Dawa yake ni moja tu, kuonyesha kwamba jambo hilo lilikuwa hadharani kabla ya Machi 2005. Kwenye mtandao waliliweka mwaka 2006, hapo wamechelewa. Lakini Julai 2004 Nerima alisimama kwenye maonyesho ya kilimo hapa Nakuru akagawa CD kwa yeyote aliyenyoosha mkono. Juzi aliwatumia madereva ujumbe kuuliza nani bado ana CD hiyo, lakini ushahidi aliotegemea ulikuwa ndani ya Babu.

Sasa turudi chumbani, maana Nitin amepanda ngazi.

Nitin ni mtoto wa mwenye duka. Ndiye aliyewapa chumba, stima na seva. Alisoma ule mstari mara mbili, akamgeukia Kosgei taratibu.

"Boss, hii haihitaji mganga. Saa tisa usiku mlango umefungwa kwa ndani. Wewe peke yako ndio uko humu."

"Usiku huo hakukuwa na stima," Kosgei alisema. "Mtaa mzima ulikuwa giza. Hiyo kompyuta niliiwasha na mshumaa?"

"Sijasikia habari ya stima kupotea."

"Utasikiaje? Nyinyi mlifunga duka mkaenda kwenu Milimani, na Milimani hampotezi stima."

"Mashine imeandika, Kosgei. Mashine haina sababu ya kukusingizia."

"Na mimi nina sababu gani ya kufuta kitu nilichokiandika kwa mikono yangu?"

Swali zuri. Lakini mwaka ule wa machafuko ya uchaguzi, msomaji, jina la kabila lilikuwa linamtangulia mtu kuingia chumbani, likishaingia linakaa kwenye kiti chake. Nerima alijiona akimtazama Kosgei kwa namna ambayo Desemba hangemtazama, akaona haya, na bado hakusema neno.

Anti Milcah ndiye aliyesema. Alikuwa ameingia na chupa ya chai. Milcah ni mdogo wa marehemu mamake Nerima, aliyemlea tangu darasa la pili kwenye nyumba za reli, zile za Landi. Hapa ofisini kazi yake ni kupokea simu za madereva na kuziandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema kwa upole, akimimina chai bila kumtazama mtu.

Kosgei aliweka funguo mezani. Akakunja blanketi lake mara mbili, akalitia kwapani.

"Januari mlinipokea hapa natoa harufu ya moshi," alisema. "Nikafikiri mmenipokea. Kumbe mlikuwa mnanichunga."

Akashuka ngazi. Nerima aliisikiliza miguu yake mpaka ikaisha, na moyo ulimwuma kama mtu aliyemfukuza ndugu. Lakini hakumfuata.

Nitin aliinama kuchomoa waya wa Babu, na hapo ndipo kadi ikadondoka kutoka mfuko wa shati lake. Kadi nyekundu. Nerima aliiwahi kabla yake. Orbanet. Chini yake, nambari ya simu ya yule bwana wao wa tai nyekundu, aliyekuja mwezi jana na keki na tabasamu.

"Nitin, hii umeitoa wapi?"

"Walikuja kumwona mzee wangu. Wanataka kununua hili jumba."

"Lini?"

"Wiki mbili hivi zimepita."

"Na ukanyamaza wiki mbili."

"Tuliwaambia hapana, Nerima. Ningekuambia nini? Ati kuna watu walitaka kununua, tukakataa? Una mambo mengi tayari."

"Waliwapa bei gani?"

Nitin alitazama ngazi. Akasema ana wateja chini, akaenda zake.

Basi hapo Nerima akabaki na nani? Kosgei ametoka na blanketi. Nitin anatembea na kadi ya adui mfukoni. Alikaa kwenye kiti akashika kichwa, na Anti Milcah akaja akampapasa mgongo kama alivyokuwa akimpapasa akiwa na homa ya malaria.

"Si uwache tu, mama? Uwapatie hiyo kitu yao uishi."

"Si yao, Anti. Tumeandika sisi. Nikiwapa, Ijumaa jioni lori mia nne zinarudi tupu."

"Lori ni chuma," Milcah alisema. "Chuma si mtoto wa mtu."

Nerima alijua Anti anamwaza nani. Oduor, mwanawe wa pekee, alikuwa utingo wa lori. Mwanzoni mwa Januari lori lao liliondoka kuelekea Kisumu likaishia kwenye vizuizi vya barabarani. Lori lilipatikana limeteketea. Oduor hakupatikana, si mzima si maiti. Februari walimwomboleza bila mwili, wakaimba, wakala, wakatawanyika. Lakini Milcah bado alikuwa akimpakulia chakula jioni na kukifunika kwa sahani, na simu yake hakuizima hata kanisani.

Honi ya lori ililia chini, ndefu, ya mtu mwenye hasira au mwenye habari.

Nerima alichungulia dirishani. Lori lilikuwa jeupe kwa vumbi toka magurudumu mpaka paa, na kutoka ndani akashuka Mzee Gurbachan, kilemba cha bluu, ndevu zikiwa nyeupe kwa uzee na kwa kazi. Yeye hubeba ule udongo mweupe wa machimbo ya Kariandusi. Alipanda ngazi akihema.

"Wewe mtoto ya Landi," alisema, "wewe natuma message kwa simu, nasema nani iko na CD ya show ya mwaka ile. Mimi napiga simu hapa mara mbili, jana na leo. Inashikwa, alafu inakatwa."

"Network, Mzee," Milcah alisema akifunika chupa ya chai. "Siku hizi ni mbaya."

"Network mbaya, basi miguu iko mzuri. Shika."

Akatoa CD shatini. Ilikuwa imetobolewa tundu dogo pembeni na kupitishwa uzi. Miaka minne ilikuwa imening'inia mbele ya kioo cha lori lake, kando ya picha ya Guru wa dini yake, ikimeremeta kila penye jua.

"Kwani hukuiweka kwenye kompyuta hata siku moja?" Nerima aliuliza.

"Kompyuta gani? Mimi najua hii ni kitu ya kung'aa. Ile siku wewe nasema chukua Mzee, itasaidia lori yako. Mimi nafunga kwa lori. Na imesaidia, sijapata ajali."

Nerima alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akaifuta CD kwa pindo la sweta, na kicheko kikakatika. Kwenye uso wake palikuwa na mwandiko wake mwenyewe wa kalamu ya wino mzito, na juu ya mwandiko, mhuri wa zambarau wa meza ya maonyesho, ambao wasimamizi walipiga kila kitu kilichogawiwa watu. Tarehe 2 Julai 2004. Miezi minane kabla ya Orbanet kuota ndoto yao.

Akaipachika kwenye kompyuta mpya. Tundu halikuwa limegusa chochote. Faili zote zilikuwamo, nzima, na tarehe zake.

Alimpigia simu wakili wao Wamaitha, Nairobi.

"Toa nakala yako ubaki nayo," Wamaitha alisema, "lakini nakala mbele ya baraza linalosikiza kesi si kitu. Watasema uliitengeneza jana. Nataka hiyo yenyewe, na mhuri wake, mezani kwangu leo kabla ya saa kumi. Afisi ya kupokea ushahidi inafungwa saa kumi na moja na kesho hawapokei tena. Na huyo mzee aje Ijumaa."

"Mimi nakuja," Gurbachan alisema kabla ya kuulizwa. "Hata kilemba mpya navaa."

Mzee alipoondoka, Nerima alichungulia tena dirishani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na gari dogo jeupe, vioo vyeusi. Lilikuwa pale jana. Lilikuwa pale juzi. Akienda stendi mwenyewe litamfuata. Akimpa Nitin, ni sawa na kumpa yule wa tai nyekundu mkononi. Nani basi anayeweza kutoka kwa mlango huu na asitazamwe mara mbili?

Mama wa makamo aliyejifunga leso, mwenye kiondo.

"Anti," alisema, "nataka uniendee Nairobi. Sasa hivi."

Milcah aliweka kikombe chini. "Mimi?"

"Hakuna mwingine ninayemwamini."

"Si uende mwenyewe, Nerima. Mimi hiyo kitu ni kubwa kwangu. Nitume kitu kingine, hata unga, hata makaa. Hiyo usinitume."

"Utaingia shuttle pale stendi, utashuka mjini, Wamaitha atakutumia mtu. Ni kubeba tu, Anti."

Milcah alisimama. Akamshika mashavu kwa mikono miwili, kama siku ile alipomchukua kutoka matanga ya mamake, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nerima akafikiri ni woga wa safari.

"Kumbuka nilikataa," Milcah alisema.

Akaiweka CD katikati ya kitabu cha nyimbo, kitabu akakitia kiondoni, juu yake akaweka sukumawiki. Saa sita kamili akatoka. Lile gari jeupe halikusogea hata inchi, na Nerima akajisifu moyoni kwa akili zake.

Usijisifu mapema, dada. Siku bado ina saa nyingi.

Saa nane hivi stima ikapotea. Ikakaa robo saa, ikarudi. Nerima akachomeka Babu tena kwa mazoea tu, akabonyeza, na Babu kwenye skrini yake nyeusi akauliza kama kawaida yake: leo tarehe ngapi, sasa saa ngapi?

Vidole vya Nerima vilikuwa vimeshaanza kuandika. Vikasimama kwa swali la Kosgei.

Hiyo kompyuta niliiwasha na mshumaa?

Alifungua dirisha la nyuma, linalotazama saluni ya Wachuka. Mtu akitaka kujua habari za stima mtaani asiulize kampuni ya stima, aulize msusi.

"Wachuka, sasa. Jumatatu usiku stima ilipotea?"

"Poa. Usinikumbushe," Wachuka alisema na kitana mdomoni. "Ilienda saa mbili usiku nikiwa na bibi harusi kichwa kiko na rola. Ikarudi Jumanne saa mbili asubuhi. Huyo bibi alilala hapa kwa kiti akilia."

"Uko sure?"

"Muulize bwanake."

Nerima alirudi akakaa mbele ya Babu. Saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne Babu alikuwa mzoga, hakuna tone la stima. Kosgei alisema kweli, na wao watatu walimtoa kama mbwa aliyelamba maziwa.

Lakini Babu hadanganyi. Aliandika 03:41 kwa sababu kuna mtu aliyemwambia hivyo. Stima imerudi asubuhi, mtu amemwasha, Babu ameuliza sasa saa ngapi, mtu huyo akajibu. Akaandika saa tatu. Maana ilikuwa saa tatu. Saa tatu ya asubuhi, jua limewaka, watu wako makazini.

"Nitin," aliita ngazini. "Hebu panda."

Nitin alipanda akiwa mkali. "Ukitaka kuniuliza tena habari ya kadi..."

"Kaa hapa. Mjibu Babu saa."

Nitin alimtazama kama aliyerukwa na akili, lakini akakaa. Alitupia jicho saa ya mkononi, akaandika 14:22, upesi, bila kuwaza.

"Si wewe," Nerima alisema.

"Si mimi nini?"

"Mtu yeyote aliyezoea kompyuta angeandika hivyo. Wewe, mimi, Kosgei. Huyu aliandika saa anavyoisema mdomoni. Jumanne saa tatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Chini, kwa kaunta. Kosgei alipita akaniambia anaenda sokoni. Wewe ulikuwa kule Bahati na wale wenye lori za viazi." Nitin aliinuka kitini. "Nerima. Humu juu alibaki mtu mmoja."

Nerima alikuwa ameshaligeukia lile daftari jeusi.

Miaka mitatu amelisoma kila jioni. Miaka mitatu ameona mwandiko ule wa duara, na hajawahi kuutilia maanani kwa sababu aliusoma kama alivyousikia. Alifungua Jumatatu. 3:05, Cheptanui, viazi, Molo. 3:20, wa Mai Mahiu, mahindi. 3:30, 3:34, 3:50. Saa tatu asubuhi ndiyo saa ambayo madereva huamka na njaa ya mzigo, simu hazitulii. 7:10, 7:25, mchana huo. Hakuna mahali mama huyu alipoandika saa ya kizungu.

Akafungua Jumanne.

3:05, mwenye lori la mbao. Kisha 4:00. Katikati hapana kitu. Karibu saa nzima, hakuna aliyepokea simu.

Na nani aliyemfundisha Anti kumwasha Babu? Ni yeye mwenyewe Nerima, mwaka jana, ili achape stika za madereva. Alimwonyesha hata pa kuandika saa. Alikuwa amesahau kabisa.

"Amebeba nini kwa kile kiondo?" Nitin aliuliza polepole. Alikuwa amemwona akitoka.

Nerima alikuwa tayari na simu sikioni.

Iliita. Iliita sana. Alitamani isishikwe, ili aendelee kwa dakika moja zaidi kuwa na mama.

"Nerima," Anti Milcah alisema.

Nyuma ya sauti yake palikuwa na breki za malori zikitoa pumzi, na mtu akinadi mahindi choma.

"Anti, uko wapi?"

"Mai Mahiu."

"Shuttle ya Nairobi inapita juu, Limuru. Mai Mahiu ni njia ya malori."

Lori jingine likapita.

"Anti. Jumanne, saa tatu na dakika arobaini na moja."

Ungetarajia akane. Ungetarajia aulize ni nini hicho. Milcah alishusha pumzi tu, kama mtu aliyetua mzigo aliobeba kutoka mbali.

"Flashi walinipa wao, nikachomeka. Lakini CD, nilikuambia nitume unga," alisema. "Nilikuambia makaa. Nilikukatalia, Nerima, ukanipatia mwenyewe mkononi."

"Walikulipa?"

"Mimi nilipwe?" Hapo sauti yake ilikatika. "Unanijua tangu unanyonya kidole, na unaniuliza kama nililipwa?"

"Basi ni kwa nini? Tumemfukuza Kosgei. Ulikuwa hapo. Ulimmwagia methali na chai." Nerima alikuwa analia sasa na hakujali Nitin anamwona. "Ni kwa nini, Anti?"

"Kuna mtu anataka kukusalimia."

Simu ikakwaruza, ikabadili mkono.

"Niaje, Neri."

Nerima alishika ukingo wa meza. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Neri, na mtu huyo walimwimbia nyimbo za kuaga Februari, uani Landi, mbele ya picha yake kwa sababu mwili haukuwapo.

"Oduor?"

"Ni mimi. Niko fiti, usijali. We wape tu hao watu kitu yao tuishe."

Nitin alikuwa amesogeza sikio karibu. Walitazamana. Wote wawili walisikia jambo lile lile, na hakuna aliyethubutu kulisema. Hiyo haikuwa sauti ya kijana aliyefungwa mahali miezi mitatu. Haikuwa na hofu wala njaa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshiba, aliyeegemea kiti laini cha gari, anayesubiri tu mambo yaishe aende zake.

Simu ikarudi kwa mamake.

"Umemsikia," Milcah alisema. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na kicheko hicho Nerima hakuwa amekisikia tangu Krismasi. "Yuko hai, Nerima. Mtoto wangu yuko hai. Amekaa ndani ya gari lao, namwona kwa kioo, simu wamempitishia wao kwenye upenyo. Bado sijamgusa. Yule wa tai nyekundu amesimama hapa mbele yangu na mkono ameunyoosha. Anasema nikimpa ndio mlango utafunguliwa."

"Anti, subiri. Anti, nisikilize. Hebu mtazame vizuri, mwambie Oduor afungue huo mlango mwenyewe..."

"Mlango umefungwa, mama. Si ndiyo wanasema umefungwa."

"Nani amekuambia umefungwa? Umejaribu?"

Milcah hakusikia, au hakutaka kusikia. Malori yalikuwa yananguruma.

"Nilisema nitampa bila kukuuliza," alisema. "Nimefika hapa mkono umekataa. Nimewalea wote wawili. Wewe ndiye umesoma, Nerima, na hii kitu ni yako, kwa hivyo sema wewe. CD iko mkononi mwangu. Nimpe nirudi na mwanangu, ama nirudi tupu?"